Mtihani wa Hapipa

Maziwa ya ngamia yakikaa katika chombo kilichofukizwa moshi huwa na harufu ambayo haimtoki puani mtu aliyekulia huku kwetu, aende atakakokwenda. Ni harufu ya kuni kavu na uchachu mdogo, nayo ndiyo iliyonitangulia kuingia shuleni mwaka tuliohamia Garissa, kwa sababu hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa akiyapanga madumu yake ya maziwa ya kuuza katika chumba nilicholala, na kila vazi langu lilikuwa limeshika harufu hiyo. Tulikuwa tumetoka upande wa Bura baada ya jilaal moja, kiangazi chetu kikali, kutumalizia ng'ombe wote. Aabo, baba yangu, ambaye maishani mwake hakuwahi kumfanyia mtu kazi, sasa alikuwa akiswaga mbuzi wa watu kwenye soko la mifugo, na hooyo aliketi kwenye soko la maziwa akigombea wateja na wanawake waliomtangulia mjini. Mimi sikuwa tena na ndama wa kuchunga. Nilikuwa na miguu mirefu na maswali mengi, na katika nyumba ya vyumba viwili vitu hivyo vyote viwili huwa ni usumbufu. Basi ikaamuliwa nikajaribu shule.

Nasema kujaribu kwa sababu mwalimu mkuu alimwambia aabo kwamba mtoto mkubwa anayetoka malishoni hapokelewi hivi hivi tu. Lazima apimwe Kiingereza kwanza, maana vitabu karibu vyote vimeandikwa kwa lugha hiyo, na kipimo ndicho kitakachoonyesha aingie darasa gani. Aabo alirudi nyumbani, na alipomaliza chai yake akatoa hukumu. Msiharakishe kumlaumu. Hakuwa adui wa elimu. Lakini pale shuleni alikuwa amechungulia dirishani akamwona mvulana aliyeanza kuota ndevu amebanwa kwenye dawati pamoja na watoto wanaong'oka meno ya maziwa, na watoto wale walikuwa wakimwita Mnara. Alisema binti yake hatachekwa namna ile. Nikipata darasa la nne, waliko wasichana wa kimo changu, nitasoma. Nikiwekwa na wale wa mapengo, nitarudi kumsaidia hooyo kuuza maziwa, na habari ya shule itaishia hapo hapo. Hooyo aliniangalia kwa muda mrefu, nami nikaelewa kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mahali pa kuniweka ikiwa nitashindwa, kando yake nyuma ya madumu, na hakupenda mahali hapo.

Kiingereza changu wakati huo kilikuwa kimetoka sehemu mbili. Ya kwanza ni mwalimu wa shule ya kuhamahama aliyekuwa akitufuata na ubao wake, akaja na kupotea kulingana na mvua. Ya pili, ambayo ndiyo iliyonilisha zaidi, ni mikebe ya mafuta ya msaada na magunia ya unga. Mikebe ile ilikuwa kila mahali. Tuliteka maji kwayo, tuliifanya viti, tuliinyoosha tukaiezekea mabanda ya mbuzi, na maandishi yake yalibaki hapo juani miaka na miaka yakingoja mtu wa kuyasoma. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilijua “net weight” kabla sijajua “good morning”. Nilijua “not to be sold”, yaani si ya kuuzwa, na nikajua pia kwamba ni maneno yasiyotiliwa maanani, kwa kuwa mikebe yenyewe tuliinunua sokoni. Na juu ya yote nililijua neno kubwa lililoandikwa katikati, “vegetable”, ambalo mimi nililitamka “fejitabol”, na nikawa na hakika kabisa kwamba ndilo jina la mafuta kwa Kiingereza. Usinicheke. Mkebe una mafuta ndani, na nje umeandikwa neno kwa herufi za kumpiga mtu machoni. Wewe ungedhani ni jina la nini?

Aliyegundua kwamba nina ugonjwa mwingine ni Dekha, binti wa ami yangu. Dekha alizaliwa mjini, alikuwa darasa la saba, na alijiona mwalimu kamili hata kabla ya mtihani wake mwenyewe. Alipopewa kazi ya kunitayarisha aliipokea kwa ukali wa askari. Siku ya kwanza aliniambia niseme “pen”. Nikasema “ben”. Akaniambia siyo hivyo, “pen”. Nikasema ndivyo nilivyosema, “ben”. Tukabishana hadi hooyo akauliza kama tunapigana. Ukweli ni kwamba sikuwa ninakataa, nilikuwa sisikii. Lugha yetu ya Kisomali haina sauti hiyo, na sikio ambalo halijapewa kitu halijui kwamba limenyimwa. Kwangu mimi “nimepata” na “nimebata” yalikuwa neno moja, na mtu aliyeudhika kwa tofauti hiyo nilimwona mtu wa kutafuta ugomvi. Dekha alifikiri kidogo, kisha akaingia jikoni akachota unga wa anjera, mikate yetu ya maji, akauweka kidogo kwenye kiganja changu na kuniinulia mkono karibu na mdomo. Akasema ukitamka vizuri, unga utaruka. Nikatamka, unga ukatulia. Akatamka yeye, unga ukanirukia machoni.

Hapo ndipo nilipopatwa na udadisi ambao haujaniacha mpaka leo. Kumbe sauti ni kitu. Kumbe ina upepo, inaweza kusukuma unga, na mimi nimeishi miaka yote hiyo bila kuwa nayo! Nilianza kuitafuta kila mahali. Dekha alinipa methali za Kiswahili za kufanyia mazoezi, kwa kuwa alisema Kiswahili kimejaa sauti hiyo hadi inamwagika. Penye nia pana njia. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Siku za mwanzo nilisema “Benye nia bana njia”, na kwa kweli hiyo njia ilikuwa imebana. Unga wa hooyo ulipungua, naye akalalamika kwamba anjera zinakuwa ndogo kwa sababu ya Kiingereza. Nilimwuliza maalim aliyekuwa akitusomesha Qurani jioni mbona herufi hiyo haipo katika msahafu. Alitabasamu akasema maneno ya Mungu yameteremka yote bila hiyo na hayakupungukiwa na kitu, kwa hiyo nisijione fukara sana. Jibu lile lilinifariji, lakini halikunipitisha mtihani, na nikaendelea kupuliza unga.

Kisha asubuhi moja unga uliruka. Uliruka wenyewe, kwa pumzi yangu, na ukanichafua uso mzima. Tangu hapo nilikuwa kero. Niliisikia sauti hiyo kwenye pilipili, kwenye pasi, kwenye pikipiki inayopita nje, na nikawa nasahihisha kila anayefungua mdomo. Aabo aliposema “bolisi” nilimwambia ni polisi. Akanijibu kwamba watu hao wamemsimamisha barabarani mara nyingi kuliko alivyokula nyama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukataa kuitika. Hooyo alicheka hadi akaweka dumu chini. Lakini mimi sikucheka, maana kwangu mambo yalikuwa wazi. Upande mmoja kuna watu wenye sauti hiyo, upande mwingine kuna sisi tusiokuwa nayo, na mtihani ni ukuta uliojengwa katikati. Nilikuwa nimeshaupanda. Sikujua kwamba watu hao wa upande wa pili nao wana ya kwao.

Mwalimu aliyenipima alikuwa Madam Nekesa. Alikuwa mwanamke mnene wa wastani, mpole wa uso, aliyevaa viatu vya wazi na soksi kwa sababu ya vumbi letu, na alikuwa ametoka Bungoma, mbali huko magharibi ambako wanasema mvua hunyesha karibu kila jioni. Siku ile tulikuwa watoto wengi ukumbini, tumepangwa ukutani, wazazi wetu wakingoja nje juani. Madam alitoka mlangoni na karatasi, akaanza kuita majina. Aliita mmoja, akaenda. Aliita mwingine, akaenda. Kisha akamwita Hapipa. Hakuna aliyejitokeza. Akaita tena, Hapipa, kwa sauti ya mtu anayeanza kuchoka, nami nikageuka kumtafuta huyo Hapipa ni nani, nikamhurumia kwa jina lake. Aliposoma jina la aabo na la babu ndipo nilipogundua kwamba Hapipa ni mimi. Nilikuwa Habiba tangu nizaliwe, na nilikuwa sijawahi kusikia jina langu likirushwa hewani namna ile. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikajisemea, pengine mjini ndivyo ninavyoitwa.

Mtihani ulianza na sarufi. Kulikuwa na sentensi iliyosema ng'ombe ana kiu, na sentensi ya pili ilikuwa na pengo la kujazwa kwa “he”, “she” au “it”. Dekha alikuwa amenifundisha kwamba ya kwanza ni ya mume, ya pili ni ya mke, na ya tatu ni ya vitu visivyo na jina. Basi nikaandika “she” bila kusita. Ng'ombe wetu wote walikuwa na majina. Adey, yule mweupe, ndiye aliyekufa mwisho, na hooyo alimfunika kichwa kwa shuka yake mwenyewe. Niliambiwa baadaye kwamba jibu lililotakiwa lilikuwa “it”, na hata leo hilo sijakubaliana nalo. Ikafuata sehemu ya msamiati, picha upande mmoja na maneno upande mwingine, uunganishe kwa mstari. Nikaliona neno langu la mkebe, “vegetables”, nikafurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu ugenini. Kulikuwa na picha ya chupa ya mafuta ya kupikia. Nikavuta mstari ulionyooka vizuri mno. Picha ya kabeji na karoti nikaiunganisha na neno jingine nililokuwa silijui, na nikageuza ukurasa nikiwa na furaha ya mtu aliyekosea asijue.

Sehemu ya tatu ilikuwa imla. Madam angesoma sentensi, nasi tungeandika tulichosikia. Alisisitiza hivyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, tuandike tulichosikia. Nilikaa wima. Masikio yangu yalikuwa mapya, nimeyanunua kwa unga wa anjera, na leo ndiyo siku ya kuyatumia. Madam akajikohoza, akasoma sentensi polepole. Alichokuwa anasoma, kama nilivyoona baadaye kwenye karatasi yake, kilikuwa “The big boy put his bag on the bed.” Lakini mdomo wa Bungoma una desturi zake. Kule kwao ulimi huigeuza sauti tunayoipenda sisi ikawa ile tusiyokuwa nayo, na mimi nilisikia wazi kabisa, bila wasiwasi, “The pig poy put his pag on the ped.” Pig nilimjua, Dekha alikuwa ameniambia ni nguruwe, na nilishangaa kidogo mtihani kumtaja mnyama huyo asubuhi mapema, lakini nikafikiri Waingereza ni watu wa kumla. Poy sikuwahi kumwona kwenye mkebe wowote. Pag na ped nazo zilikuwa ngeni. Nikaona mtihani umenuia kunipima kwa maneno magumu, nikaandika yote kama nilivyoyapokea, nikayatazama, nikaridhika.

Madam alipita akikusanya karatasi. Alipofika kwangu alisoma, akasimama. Aliinua uso akanitazama, na uso ule mpole ulikuwa umefunga. Nilikuja kujua baadaye kwamba watoto wakorofi wa darasa la saba walikuwa wakimwiga nyuma ya vyoo, wakirudia maneno yake na kuangua kicheko, naye alikuwa anajua. Sasa ameletewa mtoto kutoka malishoni, ambaye hata sare hana, na mtoto huyo amemwandikia dhihaka hiyo kwa wino. Wengine wote walikuwa wameandika walichokizoea vitabuni. Aliniambia ninyanyuke, akanitoa hadi kwenye chumba cha walimu.

“Nani amekutuma unicheke?” aliniuliza. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. “Papa yako yuko wapi? Mwite.”

Aabo aliingia akiwa ameshika kofia yake mkononi. Madam alimweleza, kwa Kiswahili cha haraka, kwamba shule haiwezi kumpokea mtoto anayeanza kwa kudharau walimu, darasa la nne wala darasa lolote. Kushindwa mtihani nilikuwa nimekufikiria, na nilikuwa nimeshaliona dumu la maziwa likiningoja. Lakini kufukuzwa kwa kosa nisilolijua, mbele ya aabo, ambaye alikuwa ameivunja heshima yake akanileta hapa, hilo lilinipita kimo. Aabo hakunigombeza. Aliniuliza kwa Kisomali nimefanya nini, nikamjibu nimeandika nilichosikia. Akafikiri, kisha akamgeukia mwalimu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

“Bole, mwalimu. Soma tena. Mimi bia nisikie.”

Madam alitaka kukataa, nikamwona anavyotaka. Lakini aabo alikuwa amesimama kwa unyenyekevu mkubwa, na ni vigumu kumnyima mtu kitu anachokiomba namna ile. Akasoma tena. Aabo akatikisa kichwa, maana kwake yeye yote ni sauti moja, pande zote mbili za ukuta.

“Mimi nasikia sawa tu,” alisema. “Boy ni boy. Habiba, wewe unasikia nini?”

“Nasikia pe,” nikasema, na machozi yakanitoka.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nadhani haukuwa ujasiri, ulikuwa ni ule udadisi wangu tu, ambao hata hofu haikuweza kuunyamazisha, kwa sababu kweli nilitaka kujua. Niliomba karatasi. Nikaishika mbele ya mdomo wangu, nikasema “big”, na karatasi ikatulia. Nikasema “pig”, ikacheza. Nikarudia ili waone si bahati. Kisha nikamnyooshea Madam ile karatasi kwa mikono miwili, kama tulivyofunzwa kumpa mkubwa kitu. Angeweza kunizaba kofi na hakuna ambaye angemlaumu. Alitazama mlangoni kama kuna mtu. Akaipokea, akaishika mbele ya midomo yake, akasema neno lake, “big”, na karatasi ikaruka. Akasema tena, taratibu sana, na karatasi ikaruka tena. Aabo, ambaye hakupenda kuachwa nje ya jambo, akaiomba naye akajaribu, akasema kila neno alilolijua, na karatasi ikamning'inia mkononi haikutikisika hata kidogo. Aliigeuza upande wa pili kuona kama ina kasoro.

Hapo ndipo Madam alipocheka. Alianza kwa kuguna, halafu mabega, halafu akakaa kitini akitafuta leso ya kujifuta macho. Aabo naye akacheka bila kujua vizuri anacheka nini. Mimi sikucheka, bado nilikuwa nangoja kujua kama nimefukuzwa. Madam alipopata pumzi aliniangalia, na sura yake haikuwa tena ya kicheko.

“Miaka yote chuoni walinicheka,” alisema, “na hakuna mtu aliyenionyesha wanacheka nini.”

Alichukua kalamu akapiga mstari mrefu juu ya imla yangu yote. Alisema hiyo hawezi kuipa alama wala kuninyima, ameiondoa. Kitakachoamua ni kusoma kwa sauti, na nianze pale pale. Alinipa kifungu kilichosimulia mkulima na shamba lake. Nilisoma nikizirusha zile pe zangu kwa nguvu kupita kiasi, na v zote zikitoka f kwa kuwa Dekha hakuwa amefika huko. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba mkulima alipanda “vegetables” kando ya mto, zikaota. Nikakwama. Nilijua kusoma neno lile kuliko maneno yote duniani, lakini sikuweza kusonga mbele, na Madam akaniuliza kuna nini. Nikamwuliza kama mafuta hupandwa ardhini. Akaniambia nieleze. Nikamweleza habari ya mkebe, na ile picha ya chupa, na mstari wangu ulionyooka, na nikasema sasa naona jina lile si la mafuta, ni la kitu yanakotoka, na kama anaweza kunirudishia karatasi ya msamiati nirekebishe. Alisema karatasi ikishakusanywa hairudishwi. Akaikunja karatasi mikononi mwake, akamgeukia aabo.

“Sarufi yake inachechemea,” alimwambia, “na msamiati ameutoa kwenye mkepe. Lakini huyu mtoto anasikia. Nampeleka la nne.”

Aabo alimshukuru Mungu, akamshukuru mwalimu, kisha akaomba ruhusa ya jambo moja. Alitembea hadi dirisha la darasa la nne, akachungulia ndani kwa makini sana, mstari kwa mstari, akikagua meno. Aliporudi alisema ni sawa.

Madam Nekesa alinifundisha miaka iliyofuata, na kati ya walimu wote niliowahi kuwa nao ndiye niliyempenda. Alijitahidi na jina langu. Akiwa ametulia aliweza, Ha-bi-ba, akitembea juu yake kwa tahadhari. Lakini akikasirika, au akifurahi, nilikuwa Hapipa tena, na nilijifunza kusoma moyo wake kwa herufi hiyo. Darasani tuliwekeana masharti. Yeye angenisahihisha f zangu, na mimi ningeinua kidole, polepole, asione mwingine, kila akiteleza. Wale wakorofi wa nyuma ya vyoo waliendelea kumwiga, ila sasa aliwaiga na yeye, na mchezo ukawapotezea ladha. Kisha ukaja wakati ambao walimu kutoka sehemu nyingine za nchi hawakujiona salama huku kwetu kwa sababu ya mashambulizi, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na madarasa mengine yakabaki na ubao tu. Madam alikaa kuliko wengi. Siku aliyoondoka alikuja hadi nyumbani, akanywa chai ya hooyo yenye harufu ya moshi, akanishika mkono na kuniita Hapipa. Sikuinua kidole. Hakuna aliyeniita hivyo tangu siku hiyo, na sitaficha kwamba ninalikosa jina hilo.

Leo mimi ndiye ninayepima watu. Nafanya kazi Dadaab, katika kituo ambako vijana huja kupimwa Kiingereza kabla ya kuomba nafasi za vyuo, wengine wenyeji, wengi wao kutoka kambi za wakimbizi. Sarufi, msamiati, matamshi na kusoma, yote yako kwenye kompyuta sasa. Mwanafunzi huvaa visikizio, husoma kwenye kioo, mashine husikiliza na kutoa alama kabla hajameza mate. Nimewahi kuisifu. Haimchukii mtu, haina kabila, haichoki mchana wa jua kali, na haimshuku mtoto kwamba anaicheka. Vijana wenyewe wanajua Kiingereza kingi kuliko nilichokijua mimi, wamekipata kwenye simu, na wakisema pe zao husikii tofauti na za Nairobi. Binti wa Dekha akimsikia bibi yake akisema “bolisi” hucheka kwa Sheng, lugha ya vijana wa mjini. Siwezi kusema zamani kulikuwa bora. Zamani aabo alikuwa na njia moja tu ya kujua kama binti yake atasoma, nayo ilikuwa dirisha.

Lakini juzi alikuja msichana kutoka kambi ya Dagahaley. Anaitwa Ifrah, anataka kusomea ukunga, na hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho mwaka huu. Sarufi yake ilikuwa safi, msamiati wake ulinizidi mimi. Alipofika kwenye matamshi alisoma kifungu kwa sauti tulivu, na mimi niliyesimama nyuma yake nilimwelewa kila neno. Mashine ikampa alama za chini. Akarudia, ikampa zile zile. Sheria inamruhusu kurudia mara moja zaidi, na mimi siruhusiwi kubadilisha chochote, wala kuongeza alama, wala kupiga mstari juu ya kitu. Ifrah alivua visikizio akaniangalia. Hakuwa analia, alitaka tu kujua.

“Mwalimu,” alisema, “huyu anayenisikiliza, kwao ni wapi?”

Nimefanya kazi hii kwa miaka na sikuwahi kuulizwa hivyo, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi, kati ya watu wote, sikuwahi kujiuliza. Nilimwambia ukweli, kwamba huyo hana kwao. Akaitikia kwa kichwa, akavaa visikizio, akasogea karibu na kioo, akaanza kusoma upya, polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayesema na kiziwi.